Kumchagulia Riwaya Mtoto Anayeonewa Shuleni

*Mwongozo kwa wazazi, walezi na walimu*

Mtoto anayeonewa na wenzake aghalabu hasemi. Huona haya kukiri kwamba amedhalilishwa, huchelea kuitwa mchongezi, na pengine amekwisha kujaribu kusema mara moja akajibiwa kwamba avumilie, maana kila mtu alipita hapo. Basi hunyamaza, na dhuluma iliyoanza kwa jina la kubandikwa huendelea hadi kunyang'anywa hela ya chakula, kuchaniwa madaftari, au, kwa wale wa bweni, kufulishwa nguo za wakubwa usiku. Ukimwuliza waziwazi kama anaonewa, yamkini atatikisa kichwa na kuinamia sahani yake. Lakini mpe kisa cha mtoto mwingine, wa nchi ya mbali, mwenye jina lisilo lake na shule isiyo yake, nawe utaona jinsi ulimi wake utakavyofunguka: atamhukumu mwonevu, atamhurumia mwonewa, atamkasirikia mwalimu asiyeona, na katika kuyasema hayo ya wengine atakuwa ameyasema ya moyoni mwake bila ya kujifedhehesha.

Hiyo ndiyo kazi ya riwaya katika jambo hili, na muradi wa mwongozo huu ni kukuonyesha jinsi ya kuichagua, jinsi ya kuisoma pamoja na mtoto, na jinsi ya kutambua pale ambapo kitabu peke yake hakifai kitu.

Kwanza, tambua unalopambana nalo

Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi yake kubwa nchini Norwei tangu miaka ya 1970, aliutambua uonevu wa shuleni kwa alama tatu: kwamba ni tendo la makusudi la kuumiza, kwamba hurudiwarudiwa, na kwamba mwenye kutendwa hana nguvu sawa na mtendaji. Ishike hasa ile ya tatu, kwa kuwa kwetu neno la kwanza la kujitetea ni kwamba watoto walikuwa wakitaniana tu. Watani husema na kuambiwa, na wote wawili huachana wakicheka; palipo na mmoja asemaye kila siku na mwingine ainamaye kila siku, utani umekwisha kuondoka zamani.

> Dalili za kuangalia nyumbani
> - Hurudi na njaa ilhali alipewa hela ya chakula.
> - Kalamu na rula hupotea kila mara, na madaftari hurudi yamechanwa.
> - Ameiacha njia yake ya siku zote ya kwenda shule, akachagua iliyo ndefu zaidi.
> - Tumbo humuuma Jumapili jioni, na Ijumaa mchana huwa mzima.
> - Hataki tena kumtaja rafiki ambaye zamani hakukosa kumtaja.
>
> Dalili moja haithibitishi neno. Zikiandamana mbili au tatu kwa muda, usingoje ya nne.

Kwa nini riwaya, wala si mawaidha

Mawaidha humwambia mtoto afanye nini, nayo huisha kwa dakika chache; riwaya hukaa naye siku kadhaa, ikamruhusu kuogopa, kughadhibika na kutumaini pamoja na mtu mwingine, hata anapofika ukurasa wa mwisho amekwisha kujua kwamba yaliyomfika yamewafika wengine na kwamba hayakutokana na aibu yoyote iliyomo ndani yake.

Lakini kuna sababu nyingine ninayoithamini kupita hiyo. Katika darasa lolote waonevu ni wachache, na waonewa ni wachache. Waliosalia ni watazamaji, na ukimya wao ndio ulinzi wa mwonevu. Riwaya iliyo bora husema na hao. Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba mtoto wa kununuliwa kitabu ni yule aliaye tu. Pengine ni yule aliyeketi dawati la pili, ambaye hajawahi kumgusa mtu wala kumtetea mtu.

Chagua kwa kutazama mahali mtoto aliposimama

*Mtoto anayetazama na kunyamaza.* Nikitakiwa nitaje kitabu kimoja tu, nitakitaja *The Hundred Dresses* cha Eleanor Estes, kilichotolewa Marekani mwaka 1944, nacho ni kifupi kiasi cha kumalizika kwa jioni chache. Chamfaa mtoto wa miaka 8 na kuendelea. Wanda Petronski, binti wa wahamiaji waliotoka Polandi, huja shuleni kila siku amevaa gauni lile lile la buluu iliyopauka, safi lakini lisilonyooka pasi, na siku moja, alipokuwa pamoja na wasichana waliokuwa wakisifia nguo, alisema kwamba yeye nyumbani anayo magauni mia. Tangu siku ile Peggy, msichana apendwaye kuliko wote darasani, humngoja njiani na kumwuliza kwa adabu ya uwongo ana magauni mangapi na viatu jozi ngapi, na wenzake hucheka. Hapana anayempiga Wanda, hapana anayemtukana. Na uonevu wa namna hii, usioacha jeraha wala tusi la kuripotiwa, ndio unaowapita walimu wengi machoni.

Walakini moyo wa kisa haumo kwa Wanda wala kwa Peggy. Umo kwa Maddie, rafiki wa Peggy, ambaye naye ni maskini na huvaa magauni yaliyokuwa ya Peggy. Maddie haupendi mchezo ule. Siku moja ameketi darasani, akaanza kumwandikia Peggy kikaratasi cha kumwomba aache. Mara akajiona mawazoni yeye ndiye anayeulizwa yale maswali, na gauni lake likatambuliwa lilikotoka. Akakichana kile kikaratasi vipande vipande. Usiupite upesi ukurasa huo. Estes hamtukani Maddie kwa woga wake, bali anatuonyesha hesabu anayoipiga mtu mwenye hofu, na kila mtoto aliyepata kunyamaza ataitambua. Baadaye baba yake Wanda anaandika kwamba wanahamia mji mkubwa ambako hapana atakayewauliza habari za jina lao, na wasichana wale wawili wanapopanda kilimani kwenda kumtafuta wanaikuta nyumba tupu. Waandishi wengi wangemrudisha Wanda darasani ili wapatane na kukumbatiana. Estes hakumrudisha, nami naona alifanya haki, kwa sababu mtoto hana budi kujua kwamba nafasi ya kumtetea mwenzake haimngoji. Magauni mia yale yalikuwa nini, nakuachia uyagundue pamoja na mwanao.

*Mtoto anayeonewa kwa sababu ya umbile lake.* *Wonder* cha R. J. Palacio, cha mwaka 2012, ni kisa cha August Pullman, mvulana wa miaka 10 mwenye uso ulioumbika tofauti na nyuso za wengine, aliyekuwa akisomeshwa nyumbani na sasa anaingia shule mara ya kwanza. Watoto wetu wenye ualbino, wenye mdomo sungura, wenye makovu ya moto au wenye kigugumizi watamjua August upesi. Watazame kwa makini marafiki zake wawili: Jack aliombwa na mkuu wa shule awe mwenyeji wake, ilhali Summer hakuombwa na mtu, bali alimwona mtoto anakula peke yake siku ya kwanza, akaenda akaketi naye. Kisha, siku ya kuvaa vinyago, August akiwa amefunikwa uso na kudhaniwa kuwa mtu mwingine, anamsikia Jack akimsema vibaya mbele ya wale wale wanaomchukia. Funga kitabu hapo kwa usiku ule, maana mtoto aliyepata kusalitiwa na rafiki atakuwa na neno la kusema.

Hadhari moja: mwishoni August anatunukiwa nishani, na watu wote wanasimama kumshangilia. Ni mwisho wa furaha, lakini mtoto asije akadhani kwamba heshima ni ujira wa walio mashujaa. Mwulize: "Kama August angekuwa mtoto mkimya tu, asiye mcheshi wala hodari, ingekuwa halali kumwonea?"

*Mtoto anayeshiriki katika uonevu.* Hapa ndipo wazazi wengi wanapojidanganya, kwa kuwa hapana apendaye kuamini kwamba mwanawe ndiye anayewaliza wenzake. *Blubber* cha Judy Blume, cha mwaka 1974, kinasimuliwa na Jill, ambaye ni mmoja wa waonevu na anayaeleza mambo yake bila ya majuto. Linda anasoma mbele ya darasa insha juu ya nyangumi; Wendy, kiongozi wa kundi, anambandika jina la mafuta ya mnyama huyo, na darasa zima linalidaka. Siku wanapofanya "kesi" ya kumhukumu Linda, Jill anashikilia kwamba mshtakiwa lazima awe na wakili; kwa neno hilo moja la haki anamuudhi Wendy, na upesi yeye ndiye anayewindwa, na Linda aliyeonewa jana yuko pamoja na wawindaji. Huko Marekani kitabu hiki kimepingwa mara nyingi kwa hoja kwamba waovu wake hawaadhibiwi. Mimi nasema kwamba hiyo ndiyo kweli yake inayouma, ila usimwache mtoto wa chini ya miaka 10 akisome peke yake.

*Mtoto aliyechokoza kisha akaogopa.* Katika *The Eighteenth Emergency* cha Betsy Byars, cha mwaka 1973, kijana aitwaye Mouse aliandika jina la Hammerman, mkubwa wa ubavu pale shuleni, kando ya picha ya binadamu wa kale, naye Hammerman akawa anamtafuta. Kisa kinafundisha kwamba hata mdogo huweza kumvunjia mkubwa heshima yake. Kwa kuwa mwishowe Mouse anajipeleka mwenyewe kupigwa, mweleze mwanao bayana kwamba hayo ni ya Mouse, wala si njia unayomwagiza aifuate.

*Mtoto anayemwogopa mtu mzima.* *Matilda* cha Roald Dahl, cha 1988, kitamchekesha, na kicheko hicho ni faraja kubwa. Lakini mwalimu mkuu dhalimu wa humo anashindwa kwa nguvu za ajabu za Matilda, nazo mwanao hanazo. Kwa hiyo kisome kwa ajili ya kuuburudisha moyo, usikitafutie njia.

*Kijana anayeota kisasi.* Huyu, akiwa na umri wa miaka 13 hivi, mpe *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Si kisa cha shule wala hakikuandikwa kwa ajili ya jambo hili, lakini ndani yake wamo Hasidi na Mwivu, waliomtendea ndugu yao uovu kwa kijicho hata wakageuzwa manyani, naye Adili akalazimishwa kuwapiga kila usiku, akawa anawapiga na kulia. Mwulize kijana kwa nini Adili analia, ilhali fimbo i mkononi mwake na haki i upande wake.

Juu ya lugha na kupatikana kwa vitabu

Ghairi ya hicho cha mwisho, vyote nilivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza. Jambo hili lisikuvunje moyo. Soma sura moja mwenyewe mchana, na jioni isimulie kwa Kiswahili, kama bibi zetu walivyosimulia hadithi zao, bila ya kitabu mkononi. Lakini yaache majina na miji kama ilivyo. Usimgeuze Wanda kuwa Mwanaidi wala Peggy kuwa binti wa jirani, kwa kuwa umbali ule ndio unaomsitiri mtoto, na ukiuondoa atashuku mara moja kwamba anayesemwa ni yeye. Tafuta vitabu katika Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam na matawi yake ya mikoani, katika maktaba za taifa za Kenya, au kwa wauza vitabu vilivyotumika. *Wonder* ina filamu yake ya mwaka 2017. Itazameni mkiisha kusoma, si kabla.

Jinsi ya kusoma pamoja

1. Soma wewe kwanza kitabu chote. Utafute ukurasa utakaomchoma mwanao, ili usikufikie kwa ghafla mbele yake.
2. Usikitangaze kuwa dawa. Usiseme umekileta kwa sababu yake. Waite watoto wote wa nyumbani wasikilize. Mwenye jeraha hujificha vyema katikati ya wenziwe.
3. Weka saa moja isiyobadilika, baada ya chakula cha jioni, kwa muda usiopita nusu saa, wala usiipange majira ya mitihani.
4. Soma kwa sauti, na usiiigize sauti ya mwonevu kwa mbwembwe. Wasomaji hodari hukosea hapa. Ukimfanya Peggy au Wendy achekeshe, watoto watacheka, na yule aliyeonewa asubuhi ile atawasikia ndugu zake mwenyewe wakicheka upande wa adui.
5. Uliza swali moja tu kwa usiku, na liwe la mtu wa kitabuni: "Maddie alikuwa akiogopa nini?" Usiongeze "Na wewe je?" Hilo lingine atajiuliza mwenyewe.
6. Akianza kusema ya kwao, usishtuke wala usimkatize. Siku atakaposema, "Mama, hata kwetu yuko mmoja kama Peggy," jibu kwa upole, "Enhe, mwanangu?" na uendelee kuosha vyombo au kuchambua mchele. Mtoto husema zaidi anapoona kwamba macho ya mzazi yako kwenye kazi.
7. Tungeni pamoja maneno ya kutumia. Mtazamaji hahitaji hotuba. "Mwacheni, twende zetu" yatosha, au kwenda tu kuketi na mwenzake kama Summer. Ayatamke nyumbani mara kadhaa kwa sauti, mpaka mdomo uyazoee.

> Makosa yanayotendwa mara kwa mara
> - Kumpa mwonevu kitabu kama adhabu. Atakichukia kitabu, na aliyemshtaki atamchukia zaidi.
> - Kumalizia kila sura kwa funzo.
> - Kulinganisha: "Mbona August hakulia?" August alilia sana.
> - Kumhimiza apigane kwa kuwa wa kitabuni alipigana.

Kwa walimu naongeza neno moja, kwa sababu nia njema hapa huweza kuleta msiba. Ikiwa darasani yuko mtoto mmoja tu mwenye ualbino au mwenye ulemavu, usilisomee darasa zima *Wonder* kwa ajili yake, maana macho yote yatamgeukia, na kesho yake jina lake litakuwa August. Chukua *The Hundred Dresses*, ambacho kinawaelekea watazamaji, nao ndio walio wengi mbele yako. Kadhalika usiwaamuru wanafunzi waandike insha juu ya siku walipoonewa kisha uzisome hadharani. Wape karatasi wajibu swali juu ya Maddie, kusanya karatasi, uzisome peke yako. Yatakayoandikwa humo kwa jina la Maddie utayajua ni ya nani.

> Kabla ya kulipa hela, hakiki haya
> ☐ Je, mwonewa ana jambo jingine maishani zaidi ya kuonewa: kipaji, mzaha, tamaa, ugomvi na dada yake?
> ☐ Je, yumo mtu mzima hata mmoja anayesikiliza, au wote ni vipofu?
> ☐ Je, mwonevu ni mtu, au ni zimwi tu? Mtoto aliye mwonevu hatajiona katika zimwi.
> ☐ Je, msaada unatoka mahali ambapo mwanao naye aweza kuupata?
> ☐ Je, mtunzi anamlaumu mwonewa kwa unene wake, umaskini wake au jina lake? Akifanya hivyo, kirudishe rafuni.

Kitabu kinapokuwa hakitoshi

Ikiwa mtoto amekuambia kwamba anapigwa, ananyang'anywa hela, anashikwashikwa mwilini, picha zake zinasambazwa kwa simu, au kwamba hataki tena kuishi, basi hilo la mwisho usililaze hata usiku mmoja, na hayo mengine usiyangojeshe hadi mwisho wa riwaya.

1. Mshukuru kwa kukuambia, na umhakikishie kwamba si kosa lake. Usimwahidi kuificha siri. Mwahidi kwamba hutafanya neno bila ya kumjulisha.
2. Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe: siku, mahali, waliofanya, waliokuwepo.
3. Anza kwa mwalimu wa darasa au mwalimu wa ushauri nasaha, kisha mwalimu mkuu. Kwa mtoto wa bweni, mwendee na mlezi wa bweni. Waulize watafanya nini na lini, uyaandike majibu, na urudi kuuliza baada ya wiki moja.
4. Usimwendee mtoto mwingine wala mzazi wake kwa ugomvi langoni mwa shule, kwa maana atakayelipishwa ni mwanao, tena siku usiyokuwepo.
5. Shule ikinyamaza, au jambo likiwa zito, piga 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto katika Tanzania, Kenya na Uganda. Mtoto mwenyewe pia aweza kuipiga. Mfundishe namba hiyo kwa moyo.
6. Kabla ya kwenda shuleni kafanyeni shauri pamoja: nani aambiwe, jina la nani litajwe, na kama mtoto atakuwepo au la. Mwombe mwalimu asiwaite waonevu na mwonewa wapeane mikono mbele ya darasa siku ile ile. Amsikilize kila mmoja kwa faragha, na wale watazamaji pia, mmoja mmoja.